Kalamu na Cheo katika Mrima

Vita hukumbukwa upesi, na kazi ya kalamu husahauliwa upesi. Mwanafunzi yeyote wa historia katika nchi yetu atakueleza habari za Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani mjini Pangani mwezi Desemba 1889, na za Bwana Heri wa Saadani, aliyeendelea kupigana hata baada ya mwenziwe kukamatwa. Majina hayo yanastahili kukumbukwa. Lakini mizinga iliponyamaza, pwani ile haikutawaliwa kwa bunduki peke yake. Ilitawaliwa kwa barua, kwa daftari za kodi, kwa stakabadhi za forodha na kwa hukumu zilizoandikwa barazani. Na mambo hayo yote yalihitaji watu wanaojua kusoma, kuandika na kufasiri. Wengi wa watu hao walitoka Bagamoyo, Pangani, Tanga na vijiji vilivyo baina ya miji hiyo.

Insha hii inahusu wanne miongoni mwao. Katika kuwatazama nataka kuliuliza swali moja, ambalo wanafunzi wetu hulijibu kwa haraka mno: mtu aliyepata elimu chini ya utawala wa kigeni, na akaula mshahara wa utawala huo, alikuwa mtumishi wa nani? Wako wanaosema kuwa alikuwa mtumishi wa bwana wake, na neno limekwisha. Wako wengine wanaomsifu kwa cheo alichopata, kana kwamba cheo chenyewe ni ushahidi wa kutosha. Naona kuwa majibu yote mawili yana kasoro moja: yote humpima mtu kwa aliyemwajiri, wala hayatazami kilichobaki alipoondoka.

Mrima ni jina la kale la pwani inayoikabili Unguja. Kabla ya Wajerumani, Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa itokayo Tabora na Ujiji. Majumbe walikuwa na desturi zao na ada zao. Liwali alikuwa mtu wa Sultani wa Unguja. Na katika mitaa palikuwa na vyuo ambamo watoto walifundishwa Kurani na hati za Kiarabu. Hati hizo hazikuwa za ibada tu. Kwazo watu waliandikiana barua, mikataba ya madeni na wasia. Hii ndiyo elimu ya kwanza ya Mrima. Ya pili ililetwa na wamisheni: mapadri wa Roho Mtakatifu waliojenga Bagamoyo mwaka 1868 na kuwakusanya watumwa waliokombolewa, na Misheni ya Vyuo Vikuu ya Waingereza yenye skuli zake Mbweni na Kiungani katika Unguja, na kituo chake Magila katika nchi ya Bonde. Ya tatu ni skuli ya serikali iliyofunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ambayo wanafunzi wake walitawanyika nchini wakiwa makarani na walimu. Katika skuli hiyo ndimo lilimopigwa chapa gazeti la *Kiongozi* tangu mwaka 1904.

Serikali ya Kijerumani, ambayo makao yake yalikuwa Bagamoyo mpaka mwaka 1891, haikukipenda Kiswahili kwa ajili ya uzuri wake. Ilikitumia kwa sababu ilikikuta tayari kinatembea njia zote za misafara, na ilikuta watu wenye kukiandika. Ilipotoa sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, haja ya watu hao ilizidi. Makarani wakahitajika, na maakida wakapelekwa mbali na kwao kuwatawala watu wasiowajua. Hapa inatupasa kusema kweli bila kuificha. Katika sehemu nyingi za bara na za kusini akida kutoka pwani alichukiwa, na chuki hiyo ilikuwa moja ya kuni zilizouwasha moto wa Maji Maji mwaka 1905. Elimu ya Mrima ilikuwa mwanga kwa wenyewe. Kwa wengine ilikuwa fimbo.

Wa kwanza katika wanne wetu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa karibu na Bagamoyo yapata mwaka 1869, akapata elimu ya dini ya Kiislamu, akayajua mambo ya mji na ya misafara kwa macho yake. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1887 na kilichokuwa sehemu ya chuo kikuu cha mji huo. Hakuwa mtu wa kwanza wa Afrika Mashariki kupewa kazi hiyo. Amur bin Nasur wa Unguja alikwisha kufundisha huko katika miaka ya 1890.

Tuifikirie hali yake. Wengi wa wanafunzi waliokaa mbele yake walikuwa maofisa na wafanya biashara waliojiandaa kwenda koloni. Darasani yeye alikuwa mwalimu nao wanafunzi. Lakini meli ikitia nanga Dar es Salaam wao walikuwa mabwana, na ndugu zake Mtoro walikuwa watawaliwa. Aliwafundisha maneno ambayo kwayo walikuja kuamuru, kuhukumu na kutoza. Mtu akitaka kumwita Mtoro chombo cha utawala, hapa pana ushahidi wake.

Lakini huko huko Berlin alifanya kazi ya namna nyingine. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen kitabu cha *Desturi za Wasuaheli*, pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani. Jina lililowekwa mbele lilikuwa la Carl Velten, aliyekusanya na kuhariri; lakini sehemu kubwa ya maneno ilikuwa ya Mtoro. Mtoto azaliwavyo na apewavyo jina, chuo na mwalimu wake, arusi na talaka, ngoma na pepo, ada za majumbe, madeni na rehani, bwana na mtumwa, msafara na safari za bara: yote yameelezwa humo kwa Kiswahili cha mtu aliyeishi ndani yake. Serikali ilitaka kitabu cha kuwafundishia maofisa. Mtoro alipata nafasi ya kuuandika mji wake kabla haujabadilika. Maofisa wale wamekwisha kufa wote na koloni lao limetoweka, wala hakuna anayeshika daraka kwa ajili ya kitabu kile. Lakini mwanahistoria anayetaka kujua jinsi jumbe wa Mrima alivyotawazwa, au jinsi mdai na mdaiwa walivyoafikiana, hana budi kumwendea Mtoro. Mwaka 1981 kitabu kilitolewa tena kwa Kiingereza katika tafsiri ya J. W. T. Allen, na safari hii jina la Mtoro likawekwa mahali pake.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani, kwa ndoa halali iliyofungwa Berlin. Ndoa hiyo ilileta uhasama, na mwaka 1905 aliiacha kazi ya ualimu akapanda meli na mkewe kurudi kwao. Walipofika Dar es Salaam serikali ilikataa kumruhusu mwanamke huyo kushuka. Bagamoyo ulikuwa karibu, mwendo wa siku chache kwa miguu. Mtoro angeweza kushuka peke yake. Hakukubali kumwacha mkewe, na wote wawili wakarudishwa Ulaya. Hakuiona tena pwani yake. Tangu mwaka 1909 hata 1913 alifundisha Hamburg, pamoja na Carl Meinhof, katika Taasisi ya Kikoloni. Baadaye aliishi kwa kutoa hotuba juu ya Afrika Mashariki, mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927.

Hapa tunajifunza cheo ni kitu gani. Serikali iliyomwona anafaa kuwafundisha maofisa wake ilimwona hafai kushuka na mkewe katika bandari ya nchi aliyozaliwa. Alichopewa kilikuwa ruhusa ya kufanya kazi fulani mahali fulani, hakikuwa heshima. Ruhusa hutolewa na kuondolewa. Ujuzi wake wa mji wake, kwa kuwa hakupewa na serikali, serikali haikuweza kuuondoa.

Wakati Mtoro alipokuwa akiandika desturi za bwana na mtumwa, mjini kwao alikuwako mtu aliyezijua desturi hizo kwa upande mwingine. Huyo ni Shehe Ramiya. Alitoka Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, akiwa mtoto, akafikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa katika nyumba ya tajiri wa ukoo wa Al-Lamki. Akapata uungwana, akasoma, akazidi kusoma, hata akawa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Kadiria. Watu waliosafiri kwenda Bagamoyo kwa ajili ya dini walimwendea yeye.

Kazi ya Ramiya ni ya maana sana katika habari hii, kwa kuwa mamlaka yake hayakutoka katika daftari la mshahara. Katika mji ambao nasaba ilikuwa kila kitu, ambamo muungwana na mtumwa walitengwa katika mavazi, katika viti vya baraza na hata katika salamu, mtu aliyekuja na mnyororo wa wengine akawa mwalimu wa watoto wa waungwana. Hakuna sheria ya mtawala yeyote iliyowahi kuvunja ubaguzi wa Mrima kwa ukimya na ukamilifu wa namna hiyo. Alipofariki mwaka 1931 mwanawe, Shehe Muhammad, alirithi uongozi wa tarika. Na ilipofika miaka ya 1950 huyo Shehe Muhammad aliiunga mkono TANU, na watu waliozoea kumsikiliza katika mambo ya dini wakamsikiliza pia katika mambo ya nchi. Chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya kumjua Mungu kikawa pia mahali ambapo raia walijifunza kusimama pamoja.

Tutoke Bagamoyo sasa, tuifuate pwani kuelekea kaskazini, tuipite Saadani na Pangani mpaka Tanga, ambako elimu ya misheni ilizaa kiongozi wa aina nyingine. Martin Kayamba alikuwa Mbondei, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891. Baba yake alikuwa mwalimu wa misheni aliyewahi kusoma Uingereza, naye mwenyewe alisoma Kiungani. Alifanya kazi ya ukarani katika nchi zinazoitwa sasa Kenya na Uganda. Vita vya mwaka 1914 vilimkuta upande wa Wajerumani, nao wakamtia kizuizini kwa kumshuku kuwa mtu wa Waingereza. Waingereza waliposhinda aliingia katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwaka 1923 akawa karani mkuu wake.

Mwaka mmoja kabla ya kupata cheo hicho, yaani 1922, Kayamba na wenzake walianzisha Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Ukikitazama kwa macho ya leo utakiona kidogo: mahali pa kukutana, kusoma na kucheza mpira. Lakini humo walikaa pamoja Waislamu waliotoka skuli ya Wajerumani na Wakristo waliotoka Kiungani. Wabondei, Wadigo na watu wa mbali walioletwa Tanga na kazi. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa mtu wa kabila lake, wa msikiti wake au wa kanisa lake. Sasa walijiita kwa jina la kazi yao na la Uafrika wao. Miaka saba baadaye, mwaka 1929, African Association ilianzishwa Dar es Salaam, na rais wake wa kwanza, Cecil Matola, naye alikuwa mwalimu. Katika chama hicho ndimo ilimotoka TANU tarehe 7 Julai 1954. Mto mkubwa una vijito vingi. Kimoja chake kilichimbuka katika chumba cha makarani wa Tanga.

Mwaka 1931 Kayamba alipelekwa London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyolitazama shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Waafrika wa Tanganyika hawakuutaka muungano huo, kwa hofu ya kuwekwa chini ya nguvu za walowezi wa Kenya, na mashahidi hao waliieleza hofu hiyo mahali ambapo ilisikika. Aliporudi alipandishwa cheo, na mwaka 1932 akaingizwa katika makao makuu ya serikali Dar es Salaam, akashika nafasi isiyopata kushikwa na Mwafrika wa nchi hii kabla yake.

Mtu angedhani kuwa hapo ndipo ulipoanza utumishi wake mkubwa. Naona kuwa mambo yalikwenda kinyume. Tanga alikuwa na wenzake, alikuwa na chama, na watu walimjia na mashauri yao. Makao makuu alikuwa na kiti, lakini maamuzi yalikuwa ya wengine. Kadiri alivyopanda ndivyo alivyokuwa mbali na wale ambao kwa ajili yao kupanda kwake kungekuwa na maana. Alistaafu mwaka 1938, na kitabu chake juu ya matatizo ya Waafrika kilichapwa mwaka 1948, yeye hayuko tena duniani. Humo anaonekana mtu aliyeuamini sana utaratibu wa kutawala kupitia kwa machifu, utaratibu ambao vijana wa miaka ya 1950 waliuona kuwa kizuizi. Hatuna haja ya kuyaficha hayo, wala hayafuti kazi ya mwaka 1922. Mtu huweza kupanda mbegu asiyoijua mti wake.

Wa nne hana haja ya kujulishwa kwa wasomaji wa Kiswahili. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alisoma Msimbazi, Dar es Salaam, tangu mwaka 1922 mpaka 1926, akaingia Idara ya Forodha, akakaa humo hata mwaka 1944. Sehemu ya miaka hiyo aliitumia Pangani. Baadaye alikuwa karani katika ofisi ya wilaya ya Tanga na katika idara ya upimaji. Kwa hesabu ya vyeo hakufika alikofika Kayamba. Alihesabu bidhaa za watu na kunakili barua za watu.

Basi na tulitazame jambo moja tu. Mwaka 1951, naye bado ni karani wa ofisi ya wilaya, kilichapishwa kitabu chake cha *Kusadikika*. Hadithi yake ni ya Karama, mtu aliyeshtakiwa mbele ya mfalme wa nchi iliyo hewani, na kosa lake kubwa lilikuwa kuanzisha mafunzo ya sheria ili watu wazijue haki zao. Mshitaki wake, Majivuno, ni waziri mkuu. Mwandishi hakuitaja serikali aliyoitumikia, wala hakuwa na haja ya kuitaja. Mchana alizipanga karatasi za utawala. Na kalamu ile ile, jioni, iliwauliza wasomaji kwa nini elimu ya sheria iwe hatia mbele ya wenye madaraka. Alifariki mwaka 1962, miezi michache baada ya nchi yake kupata uhuru. Barua alizonakili ofisini hakuna azisomaye. *Kusadikika* yasomwa mpaka leo.

Tulirudie swali letu. Watu hawa wanne walikuwa watumishi wa nani? Kama tungetazama mshahara, tungesema kuwa Mtoro alikuwa mtumishi wa Wajerumani, Kayamba na Shaaban Robert walikuwa watumishi wa Waingereza, na Ramiya peke yake alikuwa huru. Kama tungetazama vyeo, tungemweka Kayamba mbele na Shaaban Robert nyuma. Lakini tukitazama kilichobaki tunaona utaratibu mwingine kabisa. Kilichobaki cha Mtoro ni picha ya mji wake. Kilichobaki cha Ramiya ni watu waliofundishwa kuwa elimu haiulizi nasaba. Kilichobaki cha Kayamba ni mfano wa watu wa makabila na dini mbalimbali kukaa katika chama kimoja. Kilichobaki cha Shaaban Robert ni lugha iliyojifunza kuwahoji wakubwa kwa adabu. Hakuna hata kimoja katika hivi kilichoandikwa katika amri za kazi zao. Wengine walipata nafasi kwa sababu ya cheo, na mmoja bila ya cheo. Lakini wote walifanya zaidi ya walichoagizwa, na hilo zaidi ndilo lililokuwa la umma.

Jambo hili halikuisha na ukoloni. Tangu tarehe 9 Desemba 1961 serikali ni yetu, na mtumishi wake hawezi tena kujitetea kwa kusema kuwa bwana wake ni mgeni. Lakini kijana anayetoka chuo kikuu leo hukabiliwa na hatari ile ile: kudhani kuwa cheti ni mlango wa kiti, na kuwa kiti ndicho mwisho wa safari. Wazee wa Mrima, kwa mema yao na kwa makosa yao, watuonyesha kuwa kiti ni chombo cha kuazima. Mwenye kukiazimisha atakidai siku moja, awe serikali, awe uzee, awe mauti. Siku hiyo mtu hubaki na kile alichowapa wengine alipokuwa amekikalia. Na kama hakuwapa kitu, hubaki na daftari lenye jina lake, lisilofunguliwa na mtu.